Damu inapofurika sehemu moja ya mwili: Jinsi hali hiyo inavyochunguzwa

MTU aliyebeba kikapu kizito kwa mkono, anapokitua hukuta alama ya mpini kiganjani ikiwa imepauka. Punde si punde alama hiyo huwa nyekundu na kupata joto, kisha hutoweka.

Wataalamu wa tiba huiita hali hiyo haiparemia, yaani ongezeko la damu katika sehemu fulani ya mwili. Kwa mtu mwenye afya ni jambo la kupita tu. Kwa mgonjwa asiyeweza kujigeuza kitandani, huenda ikawa onyo la kwanza kwamba kidonda kinakaribia.

Aina tatu

Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma takriban lita 5 za damu kila dakika. Damu hiyo hugawanywa kulingana na mahitaji. Mtu anapokimbia, sehemu kubwa huelekezwa kwenye misuli; anapomaliza kula, matumbo huongezewa fungu lake. Hiyo ndiyo haiparemia itokanayo na kazi.

Aina ya pili hutokea baada ya damu kuzuiwa kwa muda. Kizuizi kinapoondolewa, damu huingia kwa wingi kuliko kawaida, kana kwamba mwili unalipa deni la oksijeni. Katika aina ya tatu, damu hujaa si kwa sababu inaingia kwa wingi, bali kwa kuwa imeshindwa kutoka, kwa mfano vena inapoziba au moyo unapodhoofika.

Seli zinazofanya kazi hutumia oksijeni na kutoa kaboni dioksidi pamoja na kemikali nyingine. Kemikali hizo hulegeza kuta za mishipa midogo, nayo hupanuka. Utando wa ndani wa mishipa pia hutoa gesi ya oksidi ya nitriki, ambayo huilegeza. Ugunduzi kuhusu kazi ya gesi hiyo uliwapatia Wamarekani Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad Tuzo ya Nobel mwaka wa 1998.

Kutoka kitambaa hadi mawimbi ya sauti

Uchunguzi wa jambo hili ulianza zamani. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1628, daktari Mwingereza William Harvey alieleza jinsi mkono uliofungwa kitambaa kwa nguvu ulivyopoa, na jinsi ulivyojaa damu na kubadilika rangi kitambaa kilipolegezwa kidogo. Karne tatu baadaye, Thomas Lewis wa London alichunguza kwa kina mishipa ya ngozi, akachapisha matokeo yake mwaka wa 1927.

Hivi leo watafiti hutumia mkanda kama ule wa kupimia shinikizo la damu. Hufungwa mkononi, ukajazwa hewa ili kuzuia damu kwa takriban dakika 5, kisha ukafunguliwa. Mashine ya mawimbi ya sauti hupima upana wa ateri kabla na baada ya hapo. Ateri yenye afya hupanuka. Isiyopanuka vyema huashiria kwamba utando wake umeanza kudhurika, kama ilivyobainika miongoni mwa wavutaji sigara katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 1992. Kwa ngozi, kuna vifaa vinavyotumia mwale wa leza kupima mwendo wa damu.

Ngozi nyeusi

Kando ya kitanda, kipimo ni kidole tu. Muuguzi hubonyeza palipoiva wekundu. Pakipauka kisha wekundu ukarejea, damu ingali inapita. Pasipopauka, tishu zimeanza kuumia.

Hata hivyo, kipimo hiki kina kasoro kubwa. Rangi asilia ya ngozi nyeusi huficha wekundu, na mgongoni au kwenye nyonga si rahisi kuuona kama kiganjani. Mwenye kutegemea macho pekee huenda akagutuka kidonda kikiwa kimekwisha kufunguka.

Kwa sababu hiyo, wanaouguza wagonjwa wenye ngozi nyeusi wanahitaji kutumia mikono pia. Sehemu zilizo juu ya mifupa, kama vile visigino, nyonga na chini ya mgongo, zilinganishwe na ngozi iliyo jirani. Je, pana joto au ubaridi zaidi? Pamekuwa pagumu au pamelainika? Mgonjwa anahisi maumivu? Rangi imekoza au kuelekea zambarau?

Dalili hizo zikionekana, mgonjwa asilalie upande huo, na sehemu hiyo isisuguliwe, kwani kuisugua huzidisha madhara. Ageuzwe mara kwa mara, kwa kawaida kila baada ya saa mbili au kadiri muuguzi atakavyoelekeza, na mhudumu wa afya ajulishwe mapema.