Televisheni za ubora wa juu: lini zilianza kupokea picha kamili?

Televisheni inaweza kuwa na skrini yenye uwezo mkubwa kuliko picha inayoweza kupokea. Hali hiyo ilijitokeza wazi katika miaka ya 2005 na 2006, ikajirudia baadaye, na ingali inamhusu kila anayenunua televisheni, hasa iliyokwisha kutumika.

Skrini na mlango

Skrini ya ubora kamili ina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu, yaani zaidi ya milioni mbili. Picha huifikia kwa njia mbili. Katika mfumo wa 1080i, mistari hutumwa kwa kupishana: kwanza nusu yake, 540, kisha nusu iliyobaki. Katika mfumo wa 1080p, mistari yote 1080 hutumwa pamoja.

Baadhi ya televisheni za mwanzo zilizouzwa kwa jina la 1080p hazikupokea 1080p kupitia mlango wa HDMI. Zilipokea 720p au 1080i, kisha mitambo ya ndani ikaiunga picha ili ijaze skrini. Kazi hiyo ilipofanywa vibaya, kingo za vitu vinavyokwenda kasi zilionekana zimechanika.

Kikwazo hakikuwa kebo. Toleo la kwanza la HDMI, la Desemba 2002, lilikuwa tayari na uwezo wa kubeba 1080p kwa fremu 60 kila sekunde. Lakini vituo vya Marekani vilivyorusha matangazo ya ubora wa juu vilitumia 720p au 1080i, hivyo vifaa vya kutoa 1080p vilikuwa adimu.

Mabadiliko ya mwaka 2006

Hali ilianza kubadilika mwaka 2006. Mashine za kuchezea diski za Blu-ray ziliingia sokoni Marekani mwezi Juni, na PlayStation 3 ikafuata mwezi Novemba. Vifaa hivyo vilitoa 1080p, na televisheni zinazoipokea zikaongezeka kwa haraka.

Barani Ulaya, nembo ya "HD ready" ya mwaka 2005 ilidai skrini ya mistari 720 tu, pamoja na uwezo wa kupokea 720p na 1080i. Nembo ya "HD ready 1080p" ilikuja mwaka 2007. Kwa hiyo, televisheni yenye nembo ya kwanza peke yake haimhakikishii mnunuzi picha kamili.

Historia yajirudia

Skrini za 4K zina nukta 3840 kwa 2160, mara nne ya zile za 1080p. Zilipoanza kuuzwa, nyingi zilitegemea HDMI 1.4 ya mwaka 2009, ambayo haivuki fremu 30 kwa sekunde katika kiwango hicho. HDMI 2.0 ya mwaka 2013 ndiyo iliyofikisha fremu 60. Toleo la 2.1, la mwaka 2017, liliongeza nafasi kwa ajili ya 8K na kwa 4K ya fremu 120.

Hata hivyo, namba ya toleo haitoshi. Mtengenezaji anaruhusiwa kuandika 2.1 hata kama kifaa chake hakina uwezo wote wa toleo hilo.

Mnunuzi wa Afrika Mashariki

Nchi za eneo hili zilihamia matangazo ya dijitali kufuatia makubaliano ya Geneva ya mwaka 2006, yaliyoweka Juni 2015 kuwa ukomo. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia jijini Dar es Salaam mwishoni mwa mwaka 2012. Televisheni ya zamani isiyo na kipokezi cha mfumo wa DVB-T2 huhitaji king'amuzi, na picha huingia kupitia mlango uleule.

Kabla ya kulipa, ni vyema mnunuzi asome kijitabu cha maelekezo sehemu inayoorodhesha mawimbi yanayopokelewa na kila mlango wa HDMI, kwani milango ya televisheni moja huweza kutofautiana. Inafaa pia kuunganisha kifaa cha kutoa 1080p au 4K dukani na kutazama taarifa inayojitokeza kwenye skrini. Iwapo kingo za picha zimekatwa, mara nyingi dawa ni kubadili mpangilio wa ukubwa wa picha, si kununua televisheni nyingine.