Ini, Moyo na Majonzi: Kutoka Kitabu cha Kichina hadi Kariobangi

Katika tiba ya jadi ya Kichina, hisia hazikai kichwani. Huangdi Neijing, kitabu kilichokusanywa katika karne za mwisho kabla ya Kristo, huipa kila hisia kubwa kiungo chake: hasira ini, furaha moyo, mawazo mengi bandama, huzuni mapafu, hofu figo. Viungo hivyo si nyama tu. Ndivyo vinavyoendesha qi, nguvu inayozunguka mwilini. Hasira huipandisha, hofu huishusha, mawazo huifunga fundo. Mwenye hasira za kila mara huliumiza ini lake, na mwenye ini bovu hukasirika ovyo. Hata hisia yenyewe ni dawa: huzuni huishinda hasira, furaha huishinda huzuni.

Pwani ya Afrika Mashariki haikuwangoja Wachina ili kupata mafundisho ya namna hii. Tiba ya wasomi wa Kiislamu, yenye asili ya Kiyunani, ilisimama juu ya uwiano wa damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Nyongo nyeusi ilihesabiwa kukaa kwenye bandama, na ikizidi, mtu hushikwa na majonzi. Wachina na Wayunani, kila mmoja kwa njia yake, wakaishia kuishuku bandama, kiungo ambacho wagonjwa wengi hawajui hata kiko upande gani.

Nairobi ilipata nadharia nyingine. Hospitali ya Mathari, iliyofunguliwa mwaka 1910, iliongozwa tangu 1938 hadi 1950 na daktari J. C. Carothers. Alipowachambua Waafrika waliolazwa humo kati ya 1939 na 1943, aliona wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, ni wachache mno. Katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, alidai kwamba Mwafrika huitumia kidogo sehemu ya mbele ya ubongo. Nayo ilikuwa nadharia ya kiungo, tena mbaya kuliko ile ya bandama, kwa sababu ilihukumu watu wa bara zima. Kasoro yake ilianzia mlangoni: waliofikishwa Mathari walikuwa hasa wale waliosumbua wengine. Aliyekaa kimya nyumbani, hali chakula, halali, hakuhesabiwa.

Kariobangi, mtaa wa Nairobi, ilikua baada ya Carothers kuondoka, katika miaka ya 1960, jiji lilipowapa viwanja watu walioondolewa kwenye vibanda. Mwanaanthropolojia Thomas Weisner, aliyefanya utafiti huko kuanzia mwishoni mwa miaka hiyo, aliwafuata Waluhya wa Kisa, magharibi mwa Kenya, waliokuwa na nyumba mtaani na nyingine mashambani, mke na watoto wakienda na kurudi. Katika maisha ya namna hiyo hata ugonjwa una anwani mbili. Mtafiti Charles Good, aliyewachunguza waganga wa mtaa wa Mathare jijini Nairobi na wa Kilungu huko Ukambani, alionyesha katika kitabu chake cha 1987 kwamba watu hawakuchagua kati ya hospitali na mganga. Walitumia vyote viwili.

Sonona iliyokosekana Mathari ilionekana watafiti walipoutazama mwili. Mwaka 1979 David Ndetei na J. Muhangi walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika kliniki moja ya mashambani nchini Kenya: takriban mgonjwa mmoja kati ya watano alikuwa na tatizo la akili, ingawa alikuja akilalamikia maumivu ya mwili. Muda mfupi baadaye, huko Hunan nchini China, daktari wa akili Arthur Kleinman aliwachunguza wagonjwa 100 walioambiwa wana udhaifu wa neva, wakilalamika kichwa kuuma, kizunguzungu na kukosa usingizi. Kwa vipimo vya Marekani, 87 kati yao walikuwa na sonona.

Tiba ya Kichina yenyewe ilipofika Afrika Mashariki, iliyaacha nyuma mafundisho ya hisia. Madaktari kutoka China walianza kazi Zanzibar mwaka 1964. Katika miaka ya 1990 kliniki za binafsi zikafunguliwa Dar es Salaam, na mwanaanthropolojia Elisabeth Hsu, aliyezichunguza, alikuta wateja wakizisifu dawa za Kichina kwa kufanya kazi haraka. Vidonge vya pakiti vilivuka bahari. Hasira na ini havikuvuka.

Siku hizi sonona hupimwa katika baadhi ya vituo vya afya Kenya kwa PHQ-9, fomu ya maswali tisa ambayo pia imejaribiwa magharibi mwa nchi. Huuliza juu ya usingizi, uchovu na hamu ya chakula, lakini haimo nafasi ya moyo kwenda mbio wala ya kichwa kuwaka moto. Mgonjwa anayeanza na malalamiko hayo huenda akapimwa presha kwanza.