Kazi ya Kipupwe katika Shamba la Matunda

Mwezi wa Juni ufikapo, sisi tukaao Gitting twaujua bila kutazama kalenda. Upepo washuka kutoka mlima Hanang, ambao kimo chake chapita meta 3,400, na asubuhi wazee hujifunika mablanketi hata jua lipande. Wengi husema, "Huu ndio wakati wa kuota moto." Lakini mwenye miti ya matunda hawezi kusema hivyo, na sababu yake imo katika historia ya miti yenyewe.

Matufaha asili yake ni milima ya Asia ya kati, katika nchi iitwayo leo Kazakhstan. Mafyulisi, ambayo wengine huyaita pichi, yalilimwa kwanza China, miaka elfu nyingi iliyopita. Huko kote theluji huanguka. Basi miti hiyo ilijifunza kupukutisha majani na kulala wakati wa baridi, isije ikachanua mapema na maua yake yakafa.

Katika nchi yetu Wadachi waliijaribu miti ya Ulaya milimani Usambara. Mwaka 1896 serikali yao ilifungua shamba la majaribio huko Kwai, karibu na Lushoto. Mwaka 1902 kituo kikubwa cha utafiti kiliwekwa Amani, na shamba la Kwai likaachwa mkononi mwa mkulima mmoja wa Kizungu. Utawala wa Wadachi ulikwisha, lakini matunda hayakwisha. Wenyeji wa milima ile waliyapanda penye nyumba zao, na hata leo plamu, peasi na mafyulisi ya Lushoto huuzwa Tanga na Dar es Salaam. Serikali ilianza, lakini jamaa ndogo ndogo ndizo zilizoihifadhi kazi.

Tena kuna shida moja. Matufaha mengi ya Ulaya hutaka saa kama 1,000 za baridi iliyo chini ya digrii 7 ndipo yachanue vema. Sisi hatuna baridi ya namna hiyo. Mti hulala nusu, hushika majani yake makuukuu, na kutoa ua moja hapa na moja pale. Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kuchagua mbegu isiyotaka baridi nyingi, kama tufaha liitwalo Anna, lililopatikana Israeli. Ya pili ni kazi ya mikono: wakulima wa Batu, katika kisiwa cha Java, baada ya kuvuna huyang'oa majani yote, na mti ulioachwa uchi huamka na kuchanua upya. Hivyo mkono wa mtu hufanya kazi ya theluji.

Basi kipupwe kina kazi yake. Baba na apogoe matawi makavu na yale yanayosuguana, kwa kisu kikali, ili mwanga uingie katikati. Mama na watoto walete samadi, waiweke mbali kidogo na shina. Wairaqw tangu zamani wasifiwa kwa kulima na samadi, hivyo jambo hili si geni kwetu. Maji ya kuoshea vyombo yasimwagwe njiani, bali yapelekwe kwa miche.

Na zaidi ya yote, boma la miiba lifungwe vema. Baada ya mavuno mifugo huachwa itembee mashambani, na majani mabichi ni machache. Mbuzi mmoja, kwa usiku mmoja, aweza kula kazi ya miaka minne. Mahindi yakiliwa, mwaka ujao twapanda tena. Lakini mtoto aliyekuwa akiungojea mti ule atakuwa amekwisha kuwa kijana kabla hajaonja tunda lake.

Mvumilivu hula mbivu, wazee walisema. Lakini mvumilivu wa shamba la matunda hakai tu akingoja. Huamka penye baridi, akashika kisu chake, akatazama boma.