Komiki za Nguvu za Ajabu: Mgeni Anzia Tabora

Haya wadau, swali linajirudia kila siku: "Nataka kuanza komiki za mapigano na nguvu za ajabu, nianzie wapi?" Kwa Jujutsu Kaisen jibu ni jepesi. Ilianza 2018, ikaisha 2024 kwenye sura ya 271, na ipo juzuu namba 0 ya yaliyotokea kabla. Ukiingilia katikati utakuta watu wanatwangana na hujui nani kamkosea nani.

Sasa kuna stori kali kama hiyo hapa kwetu, Tabora, na wengi wetu tuliiingilia katikati.

Katikati yenyewe ni 1871. Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani, yuko Tabora akimtafuta Livingstone. Anakuta Waarabu wa mjini wana ugomvi na Mirambo, mtemi wa Urambo, naye anajiunga nao. Agosti wanakwenda kumpiga, wanateka ngome, wanarudi na mateka na pembe. Kumbe jamaa kawavizia njiani! Mbio. Mwezi huohuo sehemu ya Tabora ikaungua. Njia ikafungwa, Stanley akazunguka kusini ndipo akafika Ujiji Novemba.

Ukianzia hapo, Mirambo ni jambazi tu. Ndiyo maana inafaa kurudi juzuu namba 0.

Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaenda Ujiji. Pembe na watumwa vilishuka pwani, nguo, shanga na bunduki zikapanda bara. Kila mtawala alidai hongo, yaani ushuru wa kupita. Karibu na 1860, Mnywa Sele, mtemi wa Unyanyembe, akataka Waarabu wa Tabora nao walipe. Wakamng'oa, wakamweka Mkasiwa. Mnywa Sele akapigana miaka kadhaa porini, akauawa 1865. Sasa unaelewa Mirambo aliona nini: ukiwagusa mfukoni, wanabadilisha mtemi. Yeye akajiandaa kwanza.

Jeshi lake ni rugaruga, na hapa ndipo komiki inapokolea. Vijana, wengi hawajaoa: watumwa waliotoroka, wapagazi walioacha misafara, mateka wa vita. Nguo nyekundu, manyoya kichwani, gobore mkononi. Kabla ya vita, dawa kwa mfumu na hirizi mwilini. Wanatembea usiku, alfajiri wako mlangoni kwako. Mtu aliyeamka akakuta kijiji kimezingirwa, utamwambia nini kuhusu dawa? Hofu nayo ilikuwa silaha. Hata jina Mirambo kwa Kinyamwezi linahusishwa na maiti.

Ila usimfanye malaika. Rugaruga walichoma vijiji vya Wanyamwezi wenzao, na waliobebwa mateka hawakuwa na komiki ya kuwatetea.

Steringi hafi, si ndiyo? Huku anakufa. Mirambo alifariki 1884 kwa ugonjwa, na dola yake ikasambaratika haraka. Msimu wa mwisho ni wa Isike, mtemi wa Unyanyembe, mtoto wa Mkasiwa yule aliyewekwa na Waarabu. Wajerumani walipovunja ngome yake Januari 1893, alilipua baruti ili asikamatwe. Na rugaruga? Wengine waliishia kupigana upande wa Mjerumani, kwa malipo na nyara.

Mirambo leo ana shule yenye jina lake, Milambo Sekondari, palepale Tabora. Vijana wake hawana hata jina moja tunalolikumbuka. Kijana wa miaka kumi na saba aliyetoroka utumwani, akavaa nyekundu, akapewa hirizi na bunduki: huyo ndiye steringi ambaye hajachorwa bado.

Wachoraji mpo? Mngempa jina gani, na sura ya kwanza mngeianzia wapi?