Gondokoro: Ngome Iliyotoweka
Ng'ambo ya Mto Nile, karibu na Juba, palikuwa na Gondokoro, kituo cha wafanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa. Mwaka 1871 Mwingereza Samuel Baker, akiongoza majeshi ya Misri, alipandisha bendera hapo na kukiita Ismailia. Alitangaza kwamba amekuja kukomesha biashara ya watumwa. Lakini Wabari, wenyeji wa nchi, walipokataa kuwauzia askari wake chakula, askari hao waliwapora ng'ombe na nafaka kwa bunduki. Mwaka 1874 Gordon, aliyemrithi, alihamishia makao Lado kwa sababu ya maradhi. Kituo kimetoweka, Wabari wapo. Ndugu askari, anayewapora raia hulinda boma tu, halindi nchi.