Milima ya Mtu Asiyefika

Mwaka 2025 ilitimia miaka 150 tangu meli ndogo ya mvuke, Ilala, iingie Ziwa Nyasa ikiwa na E. D. Young na wamisionari wa Uskochi. Ilipokaribia ncha ya kaskazini, Young aliona safu ya milima imesimama wima juu ya maji, pale ilipo Matema, akaipa jina la Livingstone. Livingstone mwenyewe hakuwahi kufika huku. Safari yake ya 1861 iliishia mbali kusini.

Mwaka 1879 akaja mpelelezi Joseph Thomson, akasifu migomba na vijiji vilivyofagiliwa kana kwamba ameiona pepo. Mwaka 1891 wakaingia wamisionari wa Berlin na wa Moravian, kisha serikali ya Wajerumani ikajenga boma la Langenburg ufukweni. Kwa wageni hawa, ng'ambo ya migomba palikuwa pori tu.

Pori hilo lilikuwa na wenyewe. Anayetueleza vizuri zaidi ni Monica Wilson, ambaye pamoja na mumewe Godfrey alifanya utafiti kwa Wanyakyusa miaka ya 1930. Huko Lubaga, katika nchi ya Selya juu ya bonde la Kyela, palikuwa na msitu usioguswa shoka, makaburi ya akina Lwembe, wafalme watakatifu waliorithishana jina hilo. Lwembe hakuruhusiwa kufa kwa ugonjwa. Akianza kuumwa, wakuu wa vijiji walimng'oa nywele na kucha angali hai, wakazifukia matopeni ili rutuba isiondoke nchini, kisha wakamziba pumzi. Si ajabu vijana wa ukoo wake walitoroka waliposikia mrithi anatafutwa! Ufukweni, upande wa Ikombe wanakofinyanga vyungu akina mama wa Kikisi, palikuwa na pango la Kyala, shujaa wa kale aliyeabudiwa. Wakinga, mafundi wa chuma, waliteremka mlimani na majembe ya sadaka. Wamisionari walipotafuta jina la Mungu kwa Kinyakyusa, walichukua la Kyala huyohuyo. Pango na misitu wakaviita upagani. Msitu uliolindwa na hofu ukabaki bila mlinzi.

Ya karibuni ni mafupi. Mwaka 2003 watafiti walisikia kwa wawindaji wa Rungwe habari za kima mwenye kishungi, wakamfuata hadi wakamwona. Mwaka 2005 dunia ikatangaziwa mnyama mpya, kipunji. Mpya kwa nani, ikiwa hata jina walilikuta kwa wenyeji? Mwaka huohuo Kitulo, maarufu kama Bustani ya Mungu, ikawa hifadhi ya taifa.

Serikali yetu hukasirika, na ina haki, Malawi wanapoliita ziwa hili kwa jina lao. Kuhusu milima hatujasikia mtu akilalamika. Ramani zetu wenyewe bado zinaandika Livingstone, wakati Wakinga wameipanda na kuishuka vizazi na vizazi.