Safu ya Lugha: Kujifua si kujinoa

Msimu mpya wa kandanda ukikaribia, kurasa za michezo hulibebesha neno moja mzigo wote: timu "inajifua". Ikipanda vilima, inajifua. Ikirukaruka dakika kumi kabla ya kipenga, inajifua pia. Hapana, jamani. Kufua kunakokusudiwa hapa si kwa nguo, ni kwa mhunzi: hukitia chuma motoni, hukigonga kwa nyundo, hukirudisha motoni tena mpaka kipate umbo. Hapa Kajiado tunao Ilkunono, wahunzi wa Kimaasai, mafundi wa mikuki na sime. Waulize kama kazi hiyo ni ya dakika kumi.

Basi vijana wa Kitengela wanaotimua vumbi alfajiri, wiki baada ya wiki, wakijenga pumzi na nguvu za miguu kabla ya ligi, hao ndio wanaojifua. Mechi ikibakisha siku chache, mbio zikapunguzwa na pasi na penalti zikarekebishwa, sasa wanajinoa. Kisu hunolewa kikishafuliwa. Zile rukaruka za kando ya uwanja ni kupasha misuli moto tu. Mhariri ukiletewa timu "iliyojifua" saa moja kabla ya mechi, kata.